Koti Lisilo na Mgongo

Safari yenyewe ilikuwa ya siku sita, na fundi aliipanga juu ya karatasi ya kukatia nguo. Watu wengine wakitaka kusafiri hununua daftari, au huandika mambo yao kwenye simu. Yeye alisogeza cherehani mbili kando, akatandaza karatasi ya kaki juu ya meza kubwa, akaikandamiza pembe moja kwa pasi na nyingine kwa mkasi, akaichora safari kama anavyochora koti. Siku ya kwanza ilikuwa kipande cha mbele cha kushoto, siku ya pili kipande cha mbele cha kulia. Ya tatu na ya nne zilikuwa mikono. Ya tano kola. Ya sita bitana, kwa sababu siku hiyo ndiyo angenunua bitana. Na kila kipande alikiachia akiba ya mshono, vidole viwili kila upande, maana alishaambiwa kwamba treni za huko ng'ambo hazimsubiri mtu na mvua ya huko haipigi hodi.

Ndani ya vipande aliandika kwa penseli, herufi ndogo kama za kwenye kopo la dawa. Mtaa wa zipu. Ghala la majora. Kituo cha treni namba tatu, tokea mlango wa kulia. Barabara wanayopita watu wanaojua kuvaa, saa nane mchana: kaa kwenye benchi, tazama nguo, usimkodolee mtu macho usoni. Jengo la vifungo.

Hilo jengo la vifungo lilimwacha kinywa wazi. Alikuwa ameliona kwenye simu, mtu akitembea ndani na kamera yake, ghorofa baada ya ghorofa, saba kwa jumla, na ndani ya ghorofa zote saba hakuna kinachouzwa isipokuwa vifungo. Ghorofa ya nne ilikuwa ya vifungo vyeupe peke yake. Fundi alikuwa na makopo mawili ya vifungo vyeupe na alijiona tajiri. Hakujua kwamba weupe una aina za kujaza ghorofa nzima, na alipoona mtu wa kamera akizidi kwenda na rafu zisiishe, alijikuta amesimama katikati ya chumba chake cha kazi, mkono kifuani, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Alirudia kutazama mara tatu. Chai yake ilipoa, akainywa hivyo hivyo bila kujua.

Angeenda peke yake. Mpango wa mwanzo ulikuwa waende wawili, yeye na dada yake, lakini mama yao alivunjika nyonga, na mama huyo hakukubali kuogeshwa na mtu yeyote isipokuwa binti yake mkubwa. Hata fundi, binti yake mdogo, hakumkubali. Alisema ana mikono ya haraka, anamwosha kama anayepiga pasi. Basi dada akabaki na mama na duka, na fundi, ambaye hajawahi kupanda ndege hata ya kuchezea, akaachiwa dunia nzima aende nayo peke yake.

Kazi yao walikuwa wameigawana tangu siku ya kwanza. Dada alikaa mbele, kwenye kaunta: alipokea wateja, aliwapima, aliwasifia, na ikibidi aligombana nao. Fundi alikaa nyuma ya pazia na mkasi wake. Hata lugha ya huko walikuwa wameigawana. Fundi aliijua ya kuombea maji. Dada aliijua mpaka ya kugombania.

Asubuhi hiyo dada aliingia nyuma ya pazia akiwa na kikombe mkononi.

"Haya, mdogo wangu, nionyeshe hiyo safari."

"Usiweke chai juu ya siku ya tatu."

"Nimeweka juu ya meza."

"Meza yote ni safari, dada."

Dada akainua kikombe, akaizunguka meza polepole, akisoma kwa sauti kila alichokipenda na kukikoholea kila ambacho hakukipenda. Aliuliza mifuko ile midogo ni ya nini, akajibiwa kwamba mifuko ni mahali pa kula. Alicheka. Akazunguka tena. Mara ya pili hakucheka.

"Mbele ipo," alisema. "Mikono ipo. Kola, bitana, hata tumbo lako umelikumbuka. Mgongo uko wapi?"

Fundi aliitazama karatasi. Alikuwa amekata nguo kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka hiyo yote alikuwa amesahau mambo mengi, hata siku ya kuzaliwa ya mumewe, lakini hajawahi kusahau mgongo wa koti. Sasa alikuwa amechora koti zima, akaliachia na akiba ya mshono, na halikuwa na mgongo. Masikio yakamwaka moto.

"Nimesahau."

"Hujasahau. Na Jumba la Mavazi umelisahau pia? Maana hapa silioni. Zipu ziko, vifungo viko, benchi la kukalia liko. Kitu chenyewe tulichopangia safari hakipo."

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, kwa miaka kumi na tisa. Wakati huo wana cherehani moja na njaa ya kazi. Siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu, ameshika ukurasa aliouchana kwenye jarida kuukuu. Kwenye ukurasa kuna mwanamke ameegemea mlango, amevaa koti refu ambalo fundi hajapata kuona mfano wake: mabega yamekaa bila kulazimishwa, kola inapanda shingoni kwa upole, na sehemu ya mbele inashuka mpaka magotini bila kukunjamana hata mahali pamoja. Mwalimu akasema, "Nataka hili hili. Usibadilishe hata uzi."

Fundi alikaa na picha ile siku mbili. Mbele aliielewa. Mikono aliielewa. Lakini mwanamke alikuwa ameegemea mlango, na mgongo wake ulikuwa mlangoni. Fundi aliigeuza karatasi, kana kwamba mgongo ungekuwa upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na tangazo la sabuni. Akaona aibu ingawa hakuna aliyemwona.

Basi akaubuni. Aliweka rinda moja zito, mkunjo wa kitambaa, katikati ya mabega, likaanzia chini ya kola mpaka kwenye pindo, akalifunga kiunoni kwa kijimkanda chenye vifungo viwili, ili mvaaji akitembea lifunguke na kujifunga. Mwalimu alipolivaa alijigeuza mbele ya kioo, akauliza, "Hivi ndivyo lilivyo kwa nyuma?"

Fundi alijibu, "Ndivyo lilivyo huko."

Kutoka siku hiyo picha hazikukoma. Zilitoka kwenye majarida, halafu kwenye kalenda, halafu kwenye simu, na zote zilikuwa na kasoro ile ile: watu hupigwa picha kwa mbele. Kila mgongo ulioshuka kutoka meza ile fundi aliutoa kichwani mwake, akaupeleka mbele ya pazia akasema ndivyo lilivyo huko, na dada akaupokea akaupamba. Koti la rinda ndilo lililowajengea duka. Mwaka uliopita dada, katika kuchokorachokora simu, akakutana na ile ile picha ya mlangoni, na chini yake maelezo kwamba koti hilo limehifadhiwa katika Jumba la Mavazi la mji fulani. Alipiga kelele mpaka wateja wakasimama. Safari ilizaliwa siku hiyo.

Sasa fundi alikaa juu ya kigoda, akamweleza dada yake jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu.

Dada alisikiliza. Kwanza hakuelewa, halafu akaelewa yote kwa mkupuo.

"Unaniambia mgongo ule... hukuuona popote?"

"Popote."

"Na ile ya mabwana harusi? Na gauni la yule hakimu?"

"Yote."

"Mimi nimewaapia watu!" dada alipaza sauti, kisha akaishusha, maana mbele kulikuwa na mteja. "Nimeapa mbele ya hakimu, tena hakimu wa kweli, kwamba mtindo ule ni wa ng'ambo!"

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungeapa vibaya."

Dada alikaribia kucheka, akajizuia kwa sababu bado alikuwa na hasira. Akauliza kwa nini basi asiende akauone wa kweli, mambo yaishe. Na fundi akasema lile lililokuwa limemkaa rohoni. Alisema anaogopa. Watu wa mji huu wametembea kwa miaka kumi na tisa wakiwa na migongo aliyowapa yeye. Akifika kule akaukuta wa kweli ni mwingine kabisa, na bila shaka atakuta ni mwingine, kwa sababu yeye ni nani hata akisie sawa? Atarudi hapa akae kwenye cherehani, na kila akishika mkasi atajiona tapeli. Mkono ukishaanza kujitilia shaka haukati tena. Amewaona mafundi waliofikwa na hilo. Sasa wanauza maji ya chupa.

"Basi usiende," dada alisema. "Zipu zinaagizwa kwa simu. Huko kwenye vifungo utatazama video." Akachukua kikombe chake akatoka mbele ya pazia, na siku nzima hawakusemeshana ila kwa vipimo.

Jumanne fundi alikwenda kuomba pasipoti, kwa sababu miadi ilikuwa imeshawekwa na yeye si mtu wa kukosa miadi. Ofisi ilikuwa na ukumbi mrefu, viti vya chuma, na foleni iliyojikunja mara mbili. Akasimama mahali pake. Na kwa kuwa kwenye foleni hakuna la kutazama isipokuwa aliye mbele yako, akaanza kutazama migongo.

Kwake wateja walikuwa wakija kwa uso. Wakijaribu nguo walisimama mbele ya kioo, na yeye akipiga magoti na pini mdomoni, akiona pindo na shida zake. Hakuwahi kusimama nyuma ya kazi yake ikiwa mwilini mwa mtu anayeendelea na maisha yake. Mbele kabisa, karibu na dirisha la karani, palikuwa na koti la kijivu alilolikata miaka sita iliyopita. Lilikuwa limechakaa viwiko, lakini rinda lilianguka vile vile. Upande wa pili wa mkunjo wa foleni palikuwa na gauni lenye mgongo wa pembe tatu, ule aliouwaza akiwa na homa. Mzee mmoja alikuwa na fulana ya kazi yenye mishono aliyoitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Foleni iliposogea, vyote vilisogea. 

Mbele yake palikuwa na mwanamke mwenye koti la kijani. Lilikuwa na rinda katikati ya mabega, lenye kijimkanda kiunoni. Fundi aliinama kidogo. Vifungo vilikuwa vitatu badala ya viwili, na rinda lililala kuelekea kushoto. Mshono haukuwa wake. Haukuwa wa fundi yeyote aliyewahi kufanya kazi kwake.

"Samahani, dada yangu," alisema. "Koti lako zuri. Umeshonewa wapi?"

"Ah, asante. Kwetu huko, mbali. Nimesafiri tangu jana kuja hapa."

"Na hili rinda la nyuma, uliliomba wewe?"

Mwanamke akageuza shingo, akamtazama kwa huruma ya mtu anayejua mavazi. "Hapana, huo ndio mtindo wa ng'ambo. Fundi wangu ananiambia ukiona koti la namna hii halina rinda nyuma, ujue hilo ni la kuigiza."

Foleni ikasogea. Mwanamke akapiga hatua tatu, na kwa kila hatua rinda lilifunguka na kujifunga, sawasawa kama fundi alivyoliwaza miaka kumi na tisa iliyopita, siku zile akiwa na cherehani moja. Uongo wake ulikuwa umefika mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Aliogopa, na alifurahi, na vitu hivyo viwili vilimjaa kwa pamoja mpaka alipofika dirishani na karani akamwuliza jina la baba yake, akataja la kwake mwenyewe.

Aliporudi hakuvua hata viatu. Alimwomba dada amsahihishie lugha tu, lakini maneno akayatoa yeye mwenyewe. Aliwaandikia Jumba la Mavazi kwamba yeye ni fundi cherehani, anakuja kununua vifaa na kujifunza mitindo, na anaomba ruhusa ya kuliona koti la kwenye picha ya mlangoni. Kwa nyuma. Dada alipofika hapo alitaka kuongeza neno la adabu, fundi akakataa.

Jibu lilikuja siku ya nne, kutoka kwa mtunzaji wa jumba hilo. Alisema karibu. Koti lilikuwa ndani ya sanduku na halijaonyeshwa kwa miaka mingi, ila mtu wa kazi anayekuja kwa heshima hafungiwi mlango. Akaomba jambo moja: kama fundi amewahi kushona nguo kwa kufuata picha ile, atume picha za nguo hiyo, mbele na nyuma.

"Mbele na nyuma," dada alisoma tena.

"Nimesikia."

Koti la kwanza bado lilikuwa hai, kwa sababu mwalimu bado alikuwa hai na hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikuwa amestaafu, anaishi nyumba ya pili kutoka shuleni. Alipoambiwa shida ni picha, aliingia ndani akatoka na koti, limepigwa pasi, akasimama ukutani kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Fundi akapiga ya mbele.

"Geuka, Mwalimu."

Mwalimu akageuka. Fundi aliinua simu, akaishusha. Akaona hawezi kuupiga picha ule mgongo na kuupeleka kwa watu wa mbali huku mvaaji mwenyewe hajui ukweli.

"Mwalimu, siku ile uliniuliza kama ndivyo lilivyo kwa nyuma."

"Nakumbuka."

"Nilikudanganya. Sikuuona mgongo. Niliubuni."

Mwalimu alibaki ameelekea ukutani. Fundi aliona mabega yakitikisika kidogo, akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mwanangu," mwalimu alisema, "mimi huu mgongo hata siujui. Nilivaa hili koti darasani kila msimu wa baridi, miaka yote hiyo, nikiandika ubaoni. Waliokuwa wakiutazama ni watoto. Walikuwa wanalichora kwenye daftari zao, nami nagonga meza waache. Wangapi hao? Hesabu mwenyewe, mimi nilichoka kuwahesabu." Akanyoosha mgongo. "Piga basi, miguu inaniuma."

Fundi akapiga kwa haraka, na picha ya kwanza ikatoka ya ukuta mtupu. Ya pili ilitoka vizuri. Alizituma zote mbili jioni hiyo, ya mbele na ya nyuma, bila kutaja nani alilishona koti, na kwa siku tano zilizofuata alikosea vipimo mara mbili.

Siku ya sita, katikati ya asubuhi, simu ya dukani ikalia. Dada aliingia nyuma ya pazia ameishika kwa mikono miwili. Akasema mtunzaji amejibu, na ametuma picha. Akaiweka mezani, juu ya kitambaa alichokuwa anakikata fundi.

Lilikuwa koti lile, limelazwa kifudifudi juu ya kitambaa cheupe. Fundi alilitazama muda mrefu kabla ya kuelewa anachokiona. Koti lilikuwa wazi kutoka kolani mpaka kwenye pindo. Vipande viwili vya mgongo vilikuwa vimeachana, kingo zake zikiwa mbichi, hazijapigwa hata mshono wa kushikiza, nyuzi zikining'inia. Kulikuwa na safu ya vibanio vya chuma vilivyoanza kushika kutu, vimevuta kitambaa kwa nyuma ili mbele pakae vizuri. Na kati ya vipande vile viwili hapakuwa na kitu.

"Soma," alisema.

Dada akasoma, akitafsiri polepole, akirudi nyuma kila aliposhuku. Koti lilishonwa kwa ajili ya picha ile moja. Siku ya kupiga picha lilikuwa halijaisha, ndiyo maana wakalibana kwa vibanio na kumwegemeza mvaaji mlangoni. Aliyelishona alifariki muda mfupi baadaye. Hakuacha mchoro wala neno. Katika jumba lile watu wanaojua nguo wamejiuliza kwa miaka mingi mgongo wake ungekuwaje, na wamejaribu mara kadhaa kuuchora, na hakuna mchoro uliowaridhisha. Juzi walizichapa picha mbili zilizotoka kwa fundi, wakaziweka pembeni ya sanduku. Tulikuwa watu wanne, mtunzaji aliandika, na hakuna aliyetaka kulifunga tena sanduku.

Dada akainua uso. Macho yalikuwa yamemlowa, na alimkasirikia mdogo wake kwa hilo.

"Kuna swali mwishoni," alisema. "Anauliza: aliyeukata mgongo huu ni nani? Wanataka kuandika jina lake kwenye kumbukumbu za koti. Na anauliza kama wewe unayekuja unaweza kumwomba mtu huyo aje pamoja nawe."

Fundi aliweka mkasi chini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amejibu swali hilo kwa kuonyesha mbali. Alijifuta chaki kwenye vidole, akaivuta simu karibu, akaandika kwa lugha yake ile ya kuombea maji, na safari hii hakumpa dada asahihishe.

Aliukata ni mimi, aliandika. Akaweka jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, kama lilivyo kwenye pasipoti. Kisha akaongeza: Ninakuja peke yangu.